Gari la Tata na Baridi ya Kaagya

Dubai, Jumapili

Mdogo wangu Mujuni,

Pokea salamu za kaka yako. Natumaini hapo Kaagya hamjambo, wewe, mkeo na watoto, na kwamba kahawa imeanza kuiva. Mimi mwili ni mzima. Moyo si mzima hata kidogo, na sababu ni wewe.

Umezima simu tangu Jumatano. Ndiyo maana nakuandikia kwenye karatasi kama watu wa zamani, na barua anakuletea mwenzangu wa chumba anayekuja likizo Muleba. Simu unaweza kuikata nikiwa katikati ya neno. Hii utaikata wapi? Ukiona mwandiko umelala, ni mkono wangu wa kushoto pamoja na hasira.

Nianze na Mama, kwa sababu naona umemsahau. Mama ana pumu, unajua. Mama mdogo kule Ngenge amepooza upande mmoja na hawezi kusafiri, unajua. Hao ni ndugu wawili tu waliobaki kwa mama yao, na wana mwaka mzima hawajaonana. Nikakuambia kitu kimoja tu: kabla hujamtoa Mama nyumbani, AC ya gari alilotuachia baba yetu, Tata, iwe inafanya kazi. Barabara ya Ngenge kiangazi ni vumbi tupu. Lazima vioo vifungwe. Na ukifunga vioo kwenye joto la kule bila AC, unampika mama yako. Nilikueleza hivyo mara tatu, dada yetu Koku akiwa anasikia.

Ukanijibu, "Kaka, usiwe na wasiwasi. AC imepona. Inapuliza baridi mpaka nimevaa koti."

Mujuni, ulipima saa ngapi? Koku ameniambia. Ulipima saa moja asubuhi, uwanjani kwetu, ukungu bado umekaa kwenye migomba! Saa hiyo Kaagya hata ukifungua dirisha la choo linapuliza baridi. Ile ilikuwa feni inakurudishia hewa ya nje. Na koti lenyewe, wewe hulivui Januari mpaka Desemba. Mtu mzima, una leseni, umemweka Mama kwenye gari kwa kipimo cha koti lako.

Mkaenda. Mpaka Muleba mambo mazuri, lami, asubuhi. Mlipoacha lami jua likawaka, ndani kukawa tanuri, ukafungua vioo. Vumbi likaingia. Mama akaanza kuvuta pumzi kwa shida, ukageuza gari kurudi Muleba, akalazwa siku mbili na mashine puani. Mkungu wa ndizi aliomchagulia mdogo wake mwenyewe kwenye kibanja chetu cha migomba ukaivia kwenye buti. Kahawa za kutafuna alizozifunga kwenye jani akarudi nazo mkononi. Koku anasema mpaka leo hajazifungua. Nikifikiria hizo kahawa natamani kukupiga.

Halafu yule fundi wako wa Kitendaguro. Amejaza gesi mara tatu! AC hailagi gesi kama gari linavyokula mafuta. Gesi inazunguka humo humo. Ikipungua, imevuja, na kazi ya fundi ni kutafuta inapovujia. Na kabla ya kugusa gesi, mtu anawasha injini, anabonyeza swichi ya AC, anainama kutazama kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Sahani yake ya mbele inatakiwa iruke na kushika, unasikia "ta!", halafu inazunguka. Isiposhika, ama gesi hakuna kabisa, ama umeme haufiki. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi huku gereji. Fundi wako hakuinama. Aliona gari la zamani, akaona mwenye gari amevaa koti, akaleta mtungi.

Wiki iliyopita uliletwa kwenye gereji yetu mkweche wa Kijerumani kama ule wa Tata, mweupe hivyo hivyo, ila unang'aa. Mwenyewe aliuacha unanguruma nje, AC imewashwa, ameingia ofisini kunywa chai. Ndani kwenye kiti cha nyuma alikuwa amekaa ndege, kipanga wa kuwindia, amefunikwa macho kwa kofia ya ngozi, anapozwa. Mimi nimesimama juani nimeshika spana, namtazama ndege yule, namfikiria Mama kwenye kitanda cha hospitali. Nililia, Mujuni. Sioni haya kukuambia.

Jumatano nikampigia Koku kwa video. Akainama, kitu ambacho nyie wanaume wawili mmeshindwa. Kompresa haikushika. Nikamwambia afuate waya unaoingia pale. Akaniambia, "Kaka, waya umekatwa." Damu ikanipanda. Nani kwetu anachezea waya za magari? Nani kila msimu anafunga taa kali mbele ya gari kwenye ukingo wa kibanja kuvuta senene, panzi wa kukaanga? Wewe! Umekata umeme wa AC ili upate taa ya senene. Senene, Mujuni! Na Mama akaenda kulala hospitali.

Nilikuita mjinga na muuaji, simu ikiwa kwenye spika, Mama amekaa hapo. Ulisema, "Sijagusa huo waya hata siku moja," ukaondoka. Tangu hapo kimya. Kimya cha mtu mwenye hatia, mimi nakijua.

Jumanne

Niliacha kuandika hapo kwa sababu zamu ilianza. Nilikuwa bado na ukurasa mzima wa kukutukana. Jana Koku akanitumia picha ya ule waya, maana nilimwomba ili nikuonyeshe ushahidi.

Picha ni safi. Ncha ya waya iliyokatwa imesokotwa na kipande cha waya mwekundu, halafu imezungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Niliitazama nikiwa nakula. Nikaacha kula.

Nyaya zile zimesokotwa kwenda kushoto.

Mujuni, wewe ni wa mkono wa kulia. Tata alikuwa wa kulia. Fundi wako, na ujinga wake wote, ni wa kulia. Kwetu mshoto ni mmoja. Nikakumbuka msimu wangu wa mwisho wa senene kabla sijaja huku, nilivyotaka taa ninayoweza kuiwasha nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva. Miaka yote hii niliamini nilichukua umeme kwenye taa kubwa. Kumbe nilikata wa AC, kwa sababu ulikuwa na swichi yake tayari, na nani alihitaji AC Kaagya? Msimu ukaisha, nikatoa taa, nikapanda ndege. Miaka sita hakuna aliyebonyeza swichi ile akitaka baridi. Wa kwanza kuihitaji akawa Mama.

Nilifikiria kuchana kurasa za juu. Nimeziacha. Uzisome uone ulivyotukanwa kwa kosa langu, maana Mama na Koku wameyasikia na mimi sitajifanya hayakusemwa. Mdogo wangu, nisamehe. Lile neno la muuaji nimelirudisha kwangu. La koti silirudishi. Ulipima vibaya, na ungeniuliza ningekuambia upime saa nane mchana, gari limekaa juani.

Koku ameunganisha ule waya kama nilivyomwelekeza. Anasema kompresa ilishika kwa kelele mpaka kuku wakakimbia. Mchana, vioo vimefungwa, Mama aliweka kiganja kwenye tundu la hewa, akasema, "Hii ndiyo baridi ya Tata wenu." Akashuka. Koku akamwuliza basi safari lini. Akajibu, "Koku waitu, mwanangu, siendi. Siwezi kukaa napulizwa na baridi, naendeshwa na mtoto aliyeitwa muuaji masikioni mwangu, na kaka yake hajalifuta neno hilo. Wapatane kwanza."

Kwa hiyo, Mujuni, waya umeungwa, gesi ipo, gari ni zima. Kinachomzuia Mama asimwone mdogo wake sasa ni mimi na wewe, na kwa sehemu kubwa ni mimi.

Msalimie mkeo, mwambie ana mume mkweli. Watoto wape pole kwa kelele zangu. Koku mpe heshima ya fundi mkuu, asikubali mtu mwingine afungue boneti. Mama mwambie nimelifuta neno lile kwa mkono wangu mwenyewe, na umsomee hapa. Na Mama mdogo, mkifika Ngenge, mwambieni mwanae wa mbali anamwomba avumilie, na kahawa zake zinakuja.

Washa simu. Nikipiga, nitukane kwanza mpaka uchoke, sitakata. Ukimaliza, mfungulie Mama mlango wa nyuma.

Ni mimi kaka yako, yule mshoto,
Mutalemwa