Daktari Naim, Ulipoitika Mwito wa Mama Yako

Baba, leo mwaka umetimia tangu useme "Naam" sebuleni kwetu Malindi, hapa Unguja, mchana kweupe, na hakuna kati yetu aliyekuita.

Kutoka Mangapwani hadi Bwejuu watu walikuletea wanao. Hukumchoma mtoto sindano kabla hajacheka. "Wee Miraji, homa hii umeiiba wapi?" Na ile chai yako ya ndimu kavu, chungu kama shubiri, ukatulazimisha tuisifu!

Wachache walijua ulikotoka. Ulikuwa ukisomea udaktari Baghdad, ukafukuzwa chuoni kwa sababu moja tu, Uyahudi wako. Wayahudi wenzako wakaanza kukamatwa majumbani. Asubuhi uliyotoroka hukumwambia mama yako, Bibi Farha, asije akabanwa aseme. Ukiwa mlangoni akakuita kutoka ghorofani: "Naim!" Hukuitika. Ukavuka milima, ukamalizia masomo ugenini, ukaja Unguja kutibu watoto, ukamwoa nesi mwenzako, Bi Kurwa, mama yetu. Bibi Farha alikufa hamjaonana tena.

Ndipo ukaanza kumsikia. Jua likifika utosini, anakuita kutoka ghorofani kwetu, kusikokaa mtu. Mama yetu akakushika mkono.

"Usiitike mtu usiyemwona! Ukiitika, umekwenda."

"Namjua, Kurwa. Ni mama."

"Basi ndiyo zaidi!"

Miaka yote ukamtii, machozi yakikulengalenga. Siku ile ukaweka kikombe chini. "Naam, mama, nnakuja." Ukainamisha kichwa, ukawa umekwenda. Haki ya Mungu, sote tulisikia mwanamke akicheka juu, kicheko cha furaha.

Sasa huko juu sauti ni yako, nawe unamwita mama yetu. Mwanao Sasuni kaupigilia misumari mlango wa ghorofani, wapi! Juzi tumemkuta Mama ngazini, kajifukiza udi, kavaa kanga uliyompa, mdomo kauziba kwa viganja viwili.

Tumekukasirikia, Baba, hatufichi. Uchungu wa kuitwa na mtu umpendaye unaujua kuliko sisi. Bintiyo Tabia ni mjamzito na anamtaka mama yake awe naye akijifungua. Mama mwenyewe kasema tukuandikie hapa gazetini, kwa kuwa akikujibu kwa mdomo ndiyo basi: "Mwambieni nnamsikia. Anistahamilie, nimpakate mjukuu kwanza."

Wanaokukumbuka ni mkeo Bi Kurwa, wanao Sasuni na Tabia, na mkwe wako Hamad.

Kukukumbuka, Baba, tutakukumbuka daima. Mama yetu mwachie.