Mgongo wa Gauni la Mama

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nasikia miguu ndiyo iliyokuzuia huko Sur usije Ibra kwenye harusi ya mjukuu wako. Pole. Wallahi nilikutafuta mlangoni kuliko nilivyomtafuta bibi arusi.

Unalikumbuka lile jarida kuukuu la mitindo alilokuja nalo mama huku Omani kutoka Unguja? Yule mwanamke wa ukurasa wa katikati, gauni la jioni la satini ya kijani, glavu mpaka viwikoni, kidevu juu kama kasikia harufu ya wali unaoungua. Mama alilishona gauni lile kwa kulitazama tu. Tabu ni kuwa mpiga picha alimpiga kwa mbele, basi mgongo mama akaubuni mwenyewe: umefunikwa mpaka shingoni, na safu ya vifungo vidogo kutoka juu mpaka kiunoni.

Nilikuwa na miaka kumi nilipokuona ukimshika mama mabega kwenye harusi moja, mbele ya wanawake wote. "Hebu geuka, wifi! Mbele bibi wa gazetini, nyuma gunia la tende!"

Mama alicheka pamoja nanyi. Nyumbani akalifumua, mgongo akaufanya foronya mbili. Hakushona tena gauni, hata la kwangu.

Mie nikazilalia foronya zile mpaka nikaota mvi, na kila nikilala nakuombea umri mrefu, uje uone.

Mwaka huu nikazifumua. Matundu ya vifungo bado yapo! Mbele nilinunua satini mpya, maana kiuno cha mama kingenitosha mkono mmoja. Rangi hazikulandana, na mie nashona kama kuku anayechakura. Mkono wa kushoto niliupachika kinyume mara mbili, binti yangu akacheka mpaka akakaa chini. Lakini mgongo ni wa mama, uzi kwa uzi.

Ukumbini nikapita polepole, nikiwageuzia mgongo jamaa zako wote. Mjukuu wako, bibi arusi mwenyewe, akaniita: "Khala, mgongo huu kaubuni nani? Mie gauni la fungate nalitaka hivi hivi!"

"Marehemu mama yangu," nikamjibu, kwa sauti ya kufika Sur.

Simu zilizuiliwa mlangoni, kama desturi ya harusi za wanawake, basi picha ya ukumbini hakuna. Ipo moja aliyonipiga binti yangu nyumbani, nimekutumia. Ni ya mbele tu.

Mgongo, shangazi, ubuni mwenyewe.

Ugua pole,
Binti wa wifi yako