Nilipunguzwa Tumbo, Unene Umerudi, na Mwanangu Anakuja

Mpendwa Mshauri, nakuandikia nikiwa nimefunika uso kwa kitenge, unisaidie juu sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni mama wa batoto wanne, wote wamesoma, sijisifu bure, na wa kwanza, Christophe-Aimé, ni injinia Ubelgiji, muntu wa akili tangu akiwa mgongoni, na ni yeye alinilipia operesheni ya kupunguza tumbo kule Kigali, juu nilikuwa nimenenepa hata kushuka toka Kamembe mpaka kanisani Cyangugu ilikuwa kazi, magoti yanauma, sukari imepanda, daktari akasema mama huyu tukimwacha hivi tutampoteza. Basi nikapasuliwa, nikapungua, weee, nikapungua mpaka bamama wa kanisa walikuwa wananipita sokoni bila kunitambua, na mimi nawaita kwa nguvu, "Ni mimi, mama ya injinia!", kiisha nageuka waone na mgongo.

Sasa unene umerudi. Si wote, lakini ni mwingi, na sielewi umepitia wapi, maana kwenye sahani sijamdanganya muntu: bugali kidogo, sambaza chache, vile visamaki vya ziwani, nikizidisha natapika. Ila mimi ndiye kiongozi wa bamama wa mtaa wetu tunaoenda kuhemba, yaani kumtembelea mwenye kujifungua na kumpelekea uji wa kumrudishia nguvu, na uji wangu unajulikana mpaka Nzahaha, wa mtama na soya, maziwa mazito, sukari ya kutosha, na unajua kwetu aliyeleta kinywaji ndiye anaonja wa kwanza, watu waone hakina sumu, naonja, kiisha mzazi anasema, "Maman, usiniache ninywe peke yangu," na kukataa kikombe ndani ya nyumba ya mzazi siwezi, watasema nini? Na huku kwetu batoto wanazaliwa kila wiki, Mungu asifiwe. Hata nyumbani nikisikia njaa nakunywa uji, ao Fanta, juu inashuka vizuri, haisumbui kama nyama, na mimi nilijiambia kinywaji si chakula.

Aibu yangu kubwa ni kwa mtoto. Randevu za hospitali, zile siku za kurudi kupimwa, niliziacha, yeye nikamwambia daktari amefurahi sana. Akisema, "Maman, tuma foto," namtumia za mwaka jana. Juzi amepiga: "Maman, nakuja Noeli, nashuka na ndege hapo hapo Kamembe. Vaa ile robe ya bleu nikuone toka mbali!" Ile robe haipiti hata mabegani. Binti yangu Gaju anacheka, "Utajificha wapi, maman, nyuma ya ndege?" Nimewaza nivuke ng'ambo Bukavu niseme nimeitwa kwenye msiba, ao nikae bila kula mpaka aje, ao nipasuliwe tena kimya kimya. Nifanye nini? Jina langu usiliandike.

Mama wa Kamembe

JIBU

Mama, kwanza ondoa hicho kitenge usoni. Unene kurudi baada ya operesheni hiyo si dhambi wala si ajabu. Huwapata wengi, madaktari wanajua, na ndiyo sababu walikupa randevu. Wewe ukawakimbia. Hapo nakugombeza.

Na nani alikuambia kinywaji si chakula? Walichopunguza ni tumbo, sukari ya ndani ya uji hawakuigusa. Samaki na maharagwe hukaa, ukashiba. Uji mtamu na Fanta huteleza tu, baada ya muda mfupi unataka tena, na jioni umekunywa chakula cha siku nzima bila kukaa mezani. Unene umepitia hapo.

Kukaa bila kula usithubutu, una sukari wewe, utaanguka. Kupasuliwa tena si jambo la kuamua jikoni, wataamua madaktari wakishakupima. Na huko Bukavu utamlilia nani?

Uji endelea kuupeleka, ni kazi nzuri. Onja funda moja, kisha kikombe mpe mwenzako na useme wazi, "Daktari amenikataza." Mzazi atakuelewa, naye ametoka hospitali juzi. Nyumbani anza na samaki, yai au maharagwe, kisha mboga, bugali iwe mwisho. Tafuna polepole, ukishiba acha. Maji usiyachanganye na chakula, ngoja kama nusu saa, na yawe maji matupu. Tembea kila siku kadiri magoti yanavyoruhusu. Kesho asubuhi piga simu hospitali uwaeleze yote: uji, Fanta, kutapika, sukari, na kama vitamini walizokupa umeziacha, sema.

Sasa huyo kijana. Unadhani alilipa ili upendeze kwenye foto. Mama, alilipa ili asikuzike mapema, na wewe unamficha jambo lile lile analoliogopa. Mpigie leo, usingoje Noeli. Mwambie, "Nimenenepa tena, nilikudanganya, nimeona aibu." Pengine atakasirika, na ana haki, mwache akasirike huko huko mbali amalize. Kisha mwambie tarehe ya randevu mpya na umwombe akusindikize Kigali akiwa likizo. Siku ya ndege vaa nguo inayokutosha, na usimame mbele ya watu wote.