Giza Linaifuata Kamera

Baba Rukia,

Assalaam alaykum. Tumefundishwa kwamba hata mliolala makaburini mnasalimiwa, basi nimekusalimia. Sasa nikugombeze.

Nimetoka eda juzi. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani ya nyumba hii ya Kwamndolwa na taa zako mbili za flashi, mwavuli wako mweupe wa kulainisha mwanga, kile kitambaa chako cha kijivu, na kamera ambayo kwa miaka kumi na miwili ya ndoa hukuniruhusu hata kuifuta vumbi. Kazi yangu kwenye studio yako ya sebuleni ilikuwa moja, kushika mwavuli. Nikikuuliza hiki kidude cha juu ya kamera ni cha nini, unasema, "Mama Rukia, wewe shika mwavuli." Haya, nikashika. Ukaanguka na presha yako saa tano asubuhi ukiwa unakunja kitambaa, ukaondoka, na mimi nimebaki nimeushika.

Nakuandikia kukueleza yaliyotokea, maana mdogo wako akija kukusomea dua hatakwambia.

Siku ya arobaini, watu wameshakula na kisomo kimekwisha, Mbwana akasimama mbele ya wazee. Akasema vifaa vya marehemu kaka yake vimelala tu vinaingia vumbi, na hapa Korogwe hakuna anayejua kuvitumia. Yeye anaye mtu kwao Handeni anayejua. Na chumba cha mbele, kwa kuwa hakitakuwa na kazi, anafikiria kuweka vipuri vya pikipiki. Mimi niko chumba cha pili na wanawake wenzangu, pazia limeshushwa, nasikia kila neno. Mzee mmoja akaitikia kwamba ni kweli, mjane amebaki nusu, tusimtwishe mizigo. Nusu! Mimi na mwili wangu huu.

Nikasema kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ambayo hata wewe hujawahi kuisikia, "Taa haziondoki. Nitazitumia mimi."

Wakakata shauri kama wazee wanavyokata. Siku nitakayotoka eda watakuja kuona. Picha zikitoka vizuri, vifaa na chumba vibaki. Zisipotoka, Mbwana apakie aende zake. Mama yako, ambaye alikuwa amekuja kutoka Handeni kukaa nami eda, akaninong'oneza kama najua nilichokisema. Nikamwambia sijui. Akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa upande wa khanga, na arobaini yenyewe ya mwanawe.

Kwanza taa hazikuwaka kabisa. Nabonyeza, kamera inalia kacha! na taa zinanitazama tu. Ilinichukua siku nne kugundua kwamba betri za kile kidude, ile triga yako inayoziamrisha taa ziwake, zilikuwa zimevujisha maji na kuota ukungu. Nikasugua vyuma kwa kitambaa, nikaweka mpya. Bado. Siku nyingine mbili nikagundua kwamba kile kidude kina namba, na kila taa ina namba, na zisipofanana havisikilizani. Kumbe! Jambo la kusema kwa pumzi moja, nawe ulikaa nalo miaka kumi na miwili. Nilikutukana siku hiyo. Nimeshakuombea msamaha, lakini nilikutukana.

Zikawaka. Nikamkalisha mama yako kwenye kigoda, nikaisimamisha kamera kama ulivyokuwa unaisimamisha, mkono wa kulia juu, nikabonyeza. Mwanga ukajaa chumba kizima. Nikatazama picha. Nusu ya uso wake imetoka safi, unaona mpaka chale ya shavuni. Nusu nyingine nyeusi tii, kama imefunikwa na mkaa.

Nikapiga tena, nusu. Nikapiga siku iliyofuata, nusu.

Maneno yakaanza. Wapo waliokuwa wanalalamika tangu mwanzo kwamba mjane wa eda anapiga picha, astaghafirullah. Nilimtuma Mama akamuulize ustadhi, jibu likarudi kwamba nisijipambe, nisitoke pasipo dharura, ila kazi ya mikono ndani ya nyumba yangu haina neno. Hoja yao ikafia hapo. Wakahamia kwenye ile nusu. Eti wewe ndiye umesimama upande ule. Eti marehemu amekataa. Mbwana alipokuja kutujulia hali akaiona picha ya mama yenu, akaishika muda mrefu, akasema taratibu, wala si kwa ubaya, "Shemeji, kaka amekataa. Ona, hata mama umemkata nusu."

Alipoondoka nililia. Nakwambia wewe tu. Nililia kwa hasira, kwa sababu kwa dakika moja nilimwamini. Nilikaa kwenye kile kigoda nikauliza, Baba Rukia, kweli wewe ndiye unayenifanyia hivi? Halafu nikajijibu mwenyewe. Ulikuwa mbishi, ulikuwa msiri, chai yako ulitaka vijiko vinne vya sukari na daktari amekukataza. Lakini hujawahi kuharibu picha ya mtu. Mteja akifumba macho ulikuwa unarudia hata mara ishirini. Basi si wewe. Kitu kimeharibika, na kitu kikiharibika kinatafutwa.

Nikatafuta. Nikampigia rafiki yako yule fundi wa Mombo, akasema taa moja imekufa. Nikazibadilisha, ya kulia nikaipeleka kushoto, ya kushoto kulia. Giza likabaki palepale. Nikazima moja nikaacha moja. Palepale. Nikatoa mwavuli, nikamgeuza Mama, nikasogeza kigoda mpaka mlangoni. Mama akaanza kuguna kwa Kizigua, nami nikajifanya sisikii.

Kilichoniokoa ni kisamvu. Siku hiyo nilikuwa nimetwanga kisamvu mpaka bega la kulia likawaka moto, nikashindwa kuunyanyua mkono. Nikaisimamisha kamera kinyume, mkono wa kulia chini, kiwiko nimekiegemeza kwenye paja. Nikabonyeza. Giza likahama! Lililokuwa shavu la kushoto likawa la kulia. Nikairudisha kamera kama zamani, nalo likarudi. Nikailaza, giza likalala. Taa sijazigusa, Mama hajajitikisa. Nilimwambia, "Mama, giza linaifuata kamera. Halizifuati taa." Akaniuliza kama sasa anaweza kwenda kuepua hicho kisamvu, kimeshaanza kuungua.

Basi nikajua hukukataa wewe. Kuna kitu ndani ya kamera. Na kwa kuwa siku yako ya mwisho kamera ilikuwa nzima, nikaanza kurudi nyuma, picha moja moja, kutafuta ilipoanzia. Nikapita zangu zote za nusu. Nilitegemea baada ya hapo nikute za kwako.

Nikakuta makaburi.

Picha kumi na moja. Sikujua kama zipo. Unajua sisi wanawake tulibaki nyumbani, jeneza likatoka mlangoni nikabaki nimeshikiliwa na watu wawili. Baadaye niliuliza, mlimzika vipi, kila mtu akanijibu, vizuri, alhamdulillah. Hakuna aliyenieleza. Sasa nimekaa kwenye kigoda chako na wewe uko mkononi mwangu. Wameshika shuka juu ya kaburi. Jua kali, watu vivuli vimewakalia miguuni. Niliwaona wanakushusha. Nilimwona aliyekuwa ndani ya mwanandani anakupokea, na alikupokea kwa adabu. Niliona udongo ulivyo mwekundu. Katika zote kumi na moja Mbwana hayumo, na yeye ni mdogo wako wa tumbo moja, asingekosekana. Hayumo kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika kamera. Aliichukua rafuni kwako bila kuniuliza, ndugu wa mbali wapate kuona.

Nilizitazama zote mara mbili. Kisha nikavuka, nikaikuta yako ya mwisho. Ni mimi. Asubuhi ileile, uliniita nikae kidogo ujaribu mwanga, na maharage yako jikoni. Nimenuna, nimeshika mwiko, nimeshaanza kuinuka. Uso mzima. Nilibonyeza kile kitufe kinachoonyesha namba zilizo nyuma ya picha. Spidi yako, ile kasi ya kufungua na kufunga jicho la kamera, ni mia moja ishirini na tano. Nikarudi makaburini, ni mia tano. Nikaja kwangu, kwenye nusu uso za mama yako, ni mia tano.

Hapo nikaelewa. Kwenye jua la saa saba picha zilimtoka Mbwana nyeupe, akazungusha kigurudumu cha spidi mpaka zikakaa sawa, na jua halina neno na spidi. Flashi inalo. Nimesoma baadaye kwenye simu kwamba ndani ya kamera mna pazia dogo, ukilikimbiza sana linaanza kufunga kabla halijamaliza kufunguka, flashi inapiga likiwa njiani. Nikakirudisha kigurudumu kwenye namba yako. Nikamwita Mama. Akaja na mikono ina kisamvu, akakaa, nikabonyeza. Uso mzima, Baba Rukia, chale zote mbili.

Juzi wakaja. Mbwana amekuja na pikipiki, maboksi na kamba za mpira, kajiandaa kabisa. Nikawakaribisha wazee, shikamoo zote, nikamwomba shemeji akae kwenye kigoda. Nilikuwa nimeirudisha mia tano kwa makusudi. Nikampiga, nikaizungusha kamera kwa wazee. Nusu. Mbwana akatikisa kichwa kwa huzuni, nadhani alisikitika kweli. Nikazungusha kigurudumu mbele yao, nikampiga tena. Mzima, mpaka sharubu. Mzee yule wa "amebaki nusu" akauliza nimefanya nini.

"Namba hii iliguswa makaburini," nikasema. "Haikuguswa na marehemu."

Zile picha sikuwaonyesha. Zile ni zangu. Lakini Mbwana alinitazama, kisha akatazama chini, na kila mwenye macho aliona. Mama yako alikuwa mlangoni. Alisema, "Mbwana, kamba hizo kafungie mbuzi."

Alizikunja. Simchukii, nimemwambia hivyo. Bila ukorofi wake nisingekuona ukishushwa, na hilo nitamshukuru mpaka nami nishushwe. Ila kamera yangu haigusi tena bila kuniuliza.

Basi lala, Baba Rukia, Mungu akulaze pema. Sikuahidi kwamba sitalia wala kwamba nitakusamehe mambo yote mara moja. Nakuahidi studio haifungwi. Na zile namba, za triga, za taa, za spidi, nimeziandika kwa herufi kubwa ukutani, nyuma ya mlango, kila mtu azione. Kesho asubuhi tunao wasichana watano wa mahafali.

Mwavuli siku hizi anashika mama yako. Jana kaniuliza kile kidude cha juu ya kamera ni cha nini. Nilimwambia.

Mkeo,
Mama Rukia