Bukari Uliomegwa Pembeni

Rafiki yangu Mujinga, nimejimaliza. Usisomee muntu hii karatasi.

Unajua mimba yangu ni ya miezi mitano. Sasa, siku tatu hizi choo changu kilitoka cheusi kama makaa. Nikasema ni sumu! Na hapa kwetu nani anasonga bukari na kupika sombe ya majani ya muhogo? Mama Constance, mama mukwe wangu.

Leo asubuhi kwenye salongo ya kusafisha barabara, wamama wote wa mutaa wako na majembe mukononi, nikamwambia: "Umenitilia sumu katika sombe." Mbele ya wote, Mujinga! Mbele ya wote!

Alifunga kitenge chake vizuri, akaenda.

Nikakimbia dispanseri. Muganga Kizito akaniuliza: "Vile vidonge vya kuongeza damu, unakunywa?" Nikajibu: ndiyo, tangu Jumatatu. Akaanza kucheka. "Mama, mule ndani kuna chuma. Chuma njo kinafanya choo kuwa cheusi. Sikukuambia?"

Hakuniambia! Chuma, Mujinga. Chuma tu.

Na nani alinipeleka kule mara ya kwanza, alipoona viganja vyangu vimekuwa vyeupe? Yeye mwenyewe, Mama Constance.

Nimerudi, nimepiga magoti, nimeomba samahani. Akasema: "Imeisha, mwanangu."

Saa hii ameniletea chakula. Nafunua sahani: bukari umemegwa pembeni, sombe imechotwa.

"Nimeonja kwanza," akasema. "Kila siku nitakuwa naonja kwanza, ukiwa unaona."

Kidonge cha leo nimekimeza, Mujinga. Ule bukari njo umenishinda.