Usukani wa Kiti cha Nyuma

Neema mjukuu wangu,

Huku Doha tu wazima. Wazazi wako hutoka alfajiri kwenda kazini, nami nabaki na kiyoyozi na kelele za ndege zinazotua.

Umeniuliza kama mimi, fundi wa ndege, niliwahi kurusha hata moja. Hapana. Ila kule Nanyuki, kwenye banda la ndege nilikofanya kazi, kulikuwa na ndege ya majaribio ya kufundishia marubani. Iliundwa wakati wa vita vya wazungu, vita vikaisha kabla hazijaundwa nyingine, ikabaki hiyo moja tu. Kila Ijumaa niliipangusa vumbi.

Siku moja nikapanda kiti cha mwanafunzi, nikafumba macho, nikajidai niko angani. Mara usukani ukasogea wenyewe mikononi mwangu! Kumbe Mzee Odera, mkubwa wangu, alikuwa amepanda kimyakimya kiti cha mwalimu, nyuma, penye usukani uliounganishwa na wangu. Nikangoja matusi. Akasema tu, "Wewe endesha, kijana. Mimi niko."

Siku hizi nikikaa dirishani hushika mkongojo wangu vivyo hivyo, nikingoja usogee. Hausogei.

Lakini juzi, barua yako ilipofika, nilihisi mkongojo umesogea.

Babu yako