Kikohozi Kilichohama

Igowole, Mufindi. Jumatano, katikati ya Julai, 1976.

Ukungu umekaa siku ya tatu sasa. Ni mchana, lakini miti ya milingoti iliyo mbele ya nyumba siioni. Naisikia tu ikidondosha maji juu ya bati. Baridi inauma vidole, na mwandiko wangu leo si mwandiko wa mwalimu.

Leo nimejua kikohozi changu kilikokwenda.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana kueleza ndiko kunakonituliza.

Nilivuta sigara tangu nilipoanza kufundisha, na kikohozi kilinijia taratibu kama mpangaji asiyetoa taarifa. Kilikuwa na namna yake: vipande vifupi vifupi, halafu kimoja kirefu kinachokwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Wanafunzi walikijua. Wakikisikia kwenye ukungu walichomekea mashati kabla sijaonekana. Mwaka jana mganga wa zahanati alinisikiliza mgongoni, akakunja uso, akasema sigara basi.

Niliacha. Nilikuwa mtu mbaya nyumbani kwa majuma kadhaa, kisha nikapanda basi kwenda Iyunga, Mbeya, kumtembelea shemeji yangu Ambakisye, kaka wa mke wangu. Yeye akaniwekea mbele kiko cha kibuyu kilichokuwa cha marehemu baba yao: kibuyu chenye maji ndani, bakuli dogo la udongo juu yake la kutilia tumbaku, na mrija wa kuvutia ubavuni.

"Ninyi Wahehe mnapenda moshi mchafu, shemeji," aliniambia huku akicheka. "Huu wetu unaoga kwanza. Ukipita majini, uchafu wote unabaki humo."

"Na samaki wamo?"

"Wakiwemo, uwale. Si uliniambia nyumbani mmechoka na maharage?"

Nilivuta. Moshi ulikuja baridi, laini, haukukwaruza popote. Nikarudi Igowole nacho kwenye mkoba, nikijiona nimepata njia ya katikati.

Mke wangu, Mama Tumaini, alikitoa mkobani kabla sijamweleza ni kitu gani. Alikigeuzageuza, akakinusa, akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi. Kwao, kiko cha mzee hakiwashwi na mzee. Binti huketi jikoni, huweka kaa la moto juu ya tumbaku, huvuta mpaka ishike, hufuta mrija kwa kiganja, kisha hukileta kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyemfanyia hivyo baba yake mpaka siku alipoolewa.

"Hiki nakijua," alisema. "Wewe kaa."

Nikakaa. Tangu siku hiyo kila asubuhi nimekuwa nikikaa kwenye kiti changu barazani, na kiko kinakuja kinafuka.

Kikohozi kikaondoka. Nilishangaa jinsi kilivyoondoka, bila kuaga. Asubuhi moja nilisafisha koo kwa mazoea, hakikutokea kitu.

Nilikuwa na ushahidi mwingine pia, na sisi walimu tunapenda ushahidi. Maji ya kibuyu niliyatazama kila nilipoyabadilisha: yalikuwa na rangi ya chai iliyochemka mno. Niliyamwaga kwenye kabichi, na kufikia mchana wale wadudu wadogo waliojazana chini ya majani walikuwa wamekufa. Shuleni niliwafundisha watoto kuloweka majani ya tumbaku kwa kazi hiyohiyo. Nikafurahi. Nikasema, tazama kile ambacho hakikuingia kifuani mwangu. Sikujiuliza ni kiasi gani kiliyapita maji kikaendelea na safari.

Yalikuwepo mambo mengine. Moyo ulianza kuruka pigo, kisha kupiga mawili kwa pamoja. Miguu ilikuwa baridi hata ndani ya soksi za sufu. Mdomo ulikuwa na ladha ya senti ya shaba. Mara nyingine jasho jembamba lilinitoka nikiwa nimekaa tu nasikiliza redio. Niliyaita yote uzee. Jina hilo ni rahisi, linatosha kila kitu.

Sigara inakuonya yenyewe, inakwaruza koo na ikiisha inachoma mdomo. Moshi baridi haukuonyi. Unaendelea kuvuta.

Halafu yakaanza mambo ya ukungu.

Kwanza niligundua kwamba nimekuwa mtu wa kutisha. Hapa kwetu, wakati huu wa mwaka, watu hujuana kwa sauti kabla ya sura, na mimi sauti yangu ilikuwa kikohozi. Bila hicho nilikuwa nawatokea watu kama kitu kisicho na miguu. Jirani yetu, Mama Leonsia, aliangusha ndoo yake njiani.

"Mwalimu! Kohoa basi, utatuua!"

Tulicheka wote wawili. Lakini kabla ya juma kuisha alisimama ng'ambo ya ua wetu, na safari hii hakuwa anacheka.

"Kamwene, Mwalimu. Pole na kifua. Naona kimerudi."

"Kifua changu ni kizima, mama."

"Nimekusikia asubuhi kule bondeni, karibu na kijito. Nikakuamkia, ukanyamaza. Nikakuamkia tena. Ukaondoka."

Asubuhi hiyo sikuwa nimetoka barazani.

Nilimwambia kwamba ukungu hucheza na sauti, kwamba sauti hugonga mteremko na kurudi ikionekana kutoka kwingine. Alinisikiliza kwa adabu yote. Alipokwenda nilibaki na hesabu ambayo haikukubali, kwa sababu mwangwi lazima uwe na aliyeuanzisha, na mimi sikuwa nimekohoa tangu mahindi yakiwa mabichi.

Jumatatu nilikisikia mwenyewe.

Nilikuwa kwenye kiti, kiko mkononi, weupe mtupu mbele yangu. Kutoka nyuma ya milingoti kikaja: vifupi vifupi, halafu kile kirefu. Nilishika kifua changu kwa mkono. Kilikuwa kimetulia. Kikohozi kikaja tena, mbali kidogo, kama mtu anayetembea nacho akikipeleka bondeni.

Niliita, "Nani huyo?" Kikakatika. Hakikukatika kama cha mtu aliyemaliza kukohoa. Kilikatika kama cha mtu aliyejiziba mdomo.

Mimi ni mtu mzima niliyesoma, na nimewaambia watoto wengi kwamba kila jambo lina sababu yake. Nilikaa pale nikisubiri moyo ukae sawa, na nikajikuta nawaza kwamba nilikitupa kitu, na kitu hicho hakikufa, kinazunguka nje kikitafuta pa kulala.

Leo asubuhi kiko kilichelewa. Badala ya kungoja, nilinyanyuka kwenda jikoni kukichukua mwenyewe. Nilitembea kama ninavyotembea siku hizi, bila kishindo na bila kikohozi. Mlango wa jiko ulikuwa wazi nusu.

Mama Tumaini alikuwa amechuchumaa kando ya mafiga, mrija mdomoni, macho amefumba. Tumbaku ilikuwa imeshika moto zamani. Bakuli lilikuwa jekundu. Alivuta, maji yakachemka ndani ya kibuyu, akatulia, akauachia moshi puani polepole. Akavuta tena. Uso wake ulikuwa wa msichana. Ilikuwa kama namtazama mtu ambaye sijawahi kumwoa.

Kisha mabega yake yakaruka. Akaweka kiko chini haraka, akajifunika mdomo kwa khanga, akatoka kwa mlango wa nyuma akikimbilia kwenye weupe ule, mbali na baraza, mbali na masikio yangu. Na kutoka bondeni nikakisikia kikohozi changu.

Namna ileile. Vifupi vifupi, halafu kile kirefu.

Nilichungulia bakuli. Zaidi ya nusu ilikuwa majivu. Ndicho nilichokuwa naletewa siku zote, masalia, nami nikijisifu kwamba nimepona.

Aliporudi, macho yakimtoka machozi, alinikuta nimekaa kwenye kigoda chake.

"Umeanza lini kuvuta?" nilimuuliza.

Alinitazama kama niliyemtukana.

"Mimi sivuti, Baba Tumaini. Nakuwashia wewe tu."

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililonitia baridi kuliko yote. Mwanamke huyu hajawahi kugusa sigara maisha yake yote, alikuwa akiniambia nikavutie nje. Nilimwuliza habari ya moyo wake. Akasema unaruka. Miguu? Baridi, lakini ni Julai. Ladha mdomoni? Akapitisha ulimi kwenye meno.

"Kama senti," alisema.

Nilikinyanyua kiko, nikamwaga maji nje, nikakivunja kibuyu kwa kisigino. Hakupiga kelele. Aliokota vipande kimoja kimoja akaviweka motoni, vile vilivyolowa tumbaku miaka yote hiyo tangu enzi za baba yake, na vilipoanza kufuka alisimama juu ya moshi, kichwa ameinamisha, muda mrefu kuliko anavyosimama mtu anayechoma takataka.

Nilimshika bega nikamtoa pale. Alikuwa mwepesi. Sikumbuki alipungua lini.

Tumekula chakula cha mchana. Baada ya kula aliweka sahani chini, akasema kwa sauti yake ya kawaida kabisa:

"Ningependa kesho nikamsalimu kaka Iyunga."

Hajaniomba safari hiyo tangu matanga ya mama yao.

"Vipi ghafla hivyo?"

"Nimemkumbuka tu."

Wakati anasema hayo alikuwa akisugua kidole gumba juu ya ncha za vidole viwili, pale anaposhikia kaa la moto. Ngozi ya hapo imekuwa nyeusi na ngumu. Nimekuwa nikipokea kiko kutoka kwenye vidole hivyo kila siku, na sikuwahi kuvitazama.

Nimemwambia tutakwenda wote, lakini kwanza Mafinga, kwa daktari, atupime vifua na mioyo yetu wote wawili. Iyunga baadaye. Alisema "haya" kabla sijamaliza sentensi.

Kwa hiyo asubuhi tutashuka Nyololo na gari la kwanza. Kwa asiyepajua: pale ndipo njia yetu inapokutana na barabara kuu, na wasafiri hujigawa. Wa Mafinga husimama upande mmoja wa lami, wa Mbeya upande wa pili. Katika ukungu huu, aliye upande huu hamwoni aliye upande ule. Nikimpoteza hapo nitamsikia tu.

Nimekusudia kumshika mkono tangu tunateremka garini.

Lakini niandike ukweli wote, maana hapa hakuna ninayemfundisha. Tangu saa nne mikono yangu inatetemeka, na moyo unanidai kiko chake. Ninajua pia kwamba nyumba ya Ambakisye haijawahi kuwa na kiko kimoja tu. Mke wangu naye anajua, na ninadhani anajua kwamba ninajua. Sasa hivi amekaa ng'ambo ya meza, anakunja khanga za safari na kunitazama nikiandika, mpole kabisa, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kujidanganya.

Tutashikana mikono, sawa. Ila nani kati yetu atatangulia kuvuka, na kwenda upande upi?